Mpishi wa Televisheni Hamjui Mtoto Wako

Leo sitaandika juu ya malaria wala juu ya choo. Nataka tuzungumze juu ya televisheni na sufuria. Utauliza, "Televisheni na zahanati vinahusiana vipi?" Mimi nami nilijiuliza hivyo. Sasa najua, na nilijifunza kwa aibu. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, rudia. Kisha umsomee jirani ambaye hajajiunga na darasa.

Kijiji chetu kiko mkoa wa Dodoma, mbali na barabara ya lami. Televisheni yetu iko dukani. Mwenye duka aliweka sola juu ya bati, akanunua king'amuzi, akaweka mabenchi barazani. Jioni wanaume huja kutazama mpira. Jumamosi mchana kuna kipindi cha mapishi. Hapo wanawake na wasichana hujaa barazani mpaka njiani. Mimi nami husimama pale. Ni kijana, sijaoa, najipikia mwenyewe. Nilikuwa na haja ya kujifunza.

Mpishi wa kipindi hicho ni hodari. Nguo yake nyeupe haina doa. Jiko lake halina moshi. Vitunguu vimekwisha kukatwa na kuwekwa katika vibakuli vya kioo. Anakaanga, anakoroga, anafunika sufuria. Halafu anainama na kutoa chini ya meza sufuria nyingine, ambayo chakula chake kimekwisha kuiva! Watu barazani hucheka na kupiga makofi. Hakuna anayeuliza ile ya pili ilipikwa na nani. Hatuoni aliyechota maji. Hatuoni atakayeosha vyombo. Mpishi anaonja kijiko kimoja, anafumba macho, anasema ni kitamu. Kipindi kimekwisha.

Sasa nikueleze aibu yangu.

Siku moja ya kliniki alikuja mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Nilimpima uzito. Nikatazama kadi. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri tangu mtoto alipozaliwa, kisha kwa miezi mitatu ukalala kama njia ya tambarare. Mtoto hakuwa na homa. Hakuwa anaharisha. Nikamwuliza mama, "Unampa nini?"

Akanijibu kwa furaha, "Nampa chakula kizuri, daktari. Nampa tambi."

Nikauliza juu ya uji wa ulezi na karanga tuliomfundisha. Alisema ameuacha. Uji ule ni wa kimaskini. Nikauliza juu ya mayai, maana najua ana kuku. Alisema mayai anauza dukani, na kwa fedha hiyo ananunua tambi, na siku nyingine soda kidogo ya mtoto.

Ndugu msomaji, nilikasirika. Nilimwambia maneno makali mbele ya foleni nzima. Nilimwambia anauza damu ya mtoto. Yule mama alinyamaza. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi yake, akaondoka. Mwezi uliofuata hakuja kliniki. Mwezi wa pili hakuja.

Ndipo mama mwingine, jirani yake, mtu mzima asiyeogopa mtu, akaja kuniambia ukweli. "Mwanangu," alisema, "ulimgombeza mwenzetu bure. Si wewe uliyesema pale barazani kwamba chakula kile ni bora?"

Nikakumbuka. Ilikuwa Jumamosi moja, mpishi amepika tambi na karoti na pilipili hoho na nyama ya kusaga. Wanawake wakanigeukia wakauliza, "Daktari, kile ni chakula cha afya?" Nikajibu, "Ndiyo, kile ni chakula bora kabisa." Nilijibu kwa kuwa niliona karoti na nyama. Wao walisikia tambi. Karoti hapa kwetu haipatikani kila wakati. Nyama ya kusaga haipo. Pilipili hoho ni ya mjini. Katika chakula kile chote, kitu kimoja tu kiliuzwa katika duka lile lile walipokuwa wamesimama. Ni tambi. Kwa hiyo wakanunua tambi.

Nadhani umeona jinsi mambo haya yanavyotokea. Chakula kinatoka kwenye televisheni kikiwa kamili. Kinafika kijijini kikiwa nusu, au robo. Kinachofika ni kile chenye pakiti. Tambi tupu zinashibisha. Zinatia nguvu ya mwili kama ugali unavyotia. Lakini tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza tambi na soda, hakuna nafasi iliyobaki kwa yai, maharage, karanga, maziwa au mboga. Na hivyo ndivyo vinavyojenga misuli, damu na akili. Mtoto haonekani kuwa na njaa. Analala vizuri. Ila harefuki.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Kudumaa maana yake mtoto ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu hakulishwa vizuri kwa muda mrefu au aliugua mara kwa mara. Sisemi kwamba televisheni ndiyo iliyowadumaza. Watoto walidumaa kabla ya televisheni kufika. Nasema kwamba sisi wenye tatizo hili hatuna yai la kupoteza.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimwomba radhi mbele ya mkwewe, kama nilivyomwaibisha mbele ya watu. Nilimpima mtoto kwa utepe wa mkono. Utepe ulisoma rangi ya njano, maana yake hali si nzuri lakini bado tunaweza kumwahi. Tuliongea juu ya uji. Alirudi kwenye ulezi na karanga zilizosagwa, na yai moja kila siku aliyoweza, na maziwa ya mama yakaendelea. Nilimweleza kwamba mtoto wa umri ule anyonyeshwe mpaka atimize miaka miwili au zaidi, na alishwe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Mstari wa kadi umeanza kupanda. Bado hajawafikia wenzake.

Wako watu wanaosema, "Kipindi cha mapishi ni cha kujifurahisha tu, hakimbadilishi mtu." Hiyo si kweli. Wazungu wamekuwa na vipindi hivi kwa muda mrefu, na kwao tunaweza kuona nguvu yake. Uingereza vilianza mwaka 1946, wakati vita kuu imekwisha mwaka mmoja tu na chakula bado kinatolewa kwa mgao. Mpishi Philip Harben alipika mbele ya kamera za BBC. Marekani, mwaka 1963, mama aitwaye Julia Child alianza kufundisha mapishi ya Kifaransa. Aliwahi kumwaga chakula mezani kamera ikimtazama, akakikusanya na kukirudisha kwenye kikaango. Mimi ningependa mpishi wetu naye amwage siku moja. Mwaka 1998 mpishi mwingine, Delia Smith, aliwaonyesha Waingereza jinsi ya kuchemsha yai. Yai tu! Mauzo ya mayai yakapanda. Na mwaka 2005 kijana Jamie Oliver alionyesha katika televisheni vyakula vibaya walivyopewa watoto shuleni. Wazazi wakapiga kelele, na serikali ya Uingereza ikaahidi paundi milioni 280 kwa ajili ya chakula cha shule.

Basi kitu chenye nguvu ya namna hiyo si mchezo. Kinaweza kujenga, kinaweza kubomoa.

Lakini je, chakula chenyewe cha wapishi hao ni kizuri kwa mwili? Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichukua mapishi 100 ya wapishi maarufu wa televisheni. Wakayalinganisha na vyakula 100 vya dukani, vile vilivyopikwa kiwandani ambavyo mtu anapasha moto tu. Hakuna hata kimoja, cha mpishi au cha kiwanda, kilichofuata maagizo yote ya Shirika la Afya Duniani. Na mapishi ya wapishi yalikuwa na mafuta mengi kuliko vya kiwandani! Mpishi wa televisheni anatafuta chakula kinachong'aa mbele ya kamera. Mafuta yanang'aa. Mchicha wa kuchemsha haung'ai.

Mafuta yenyewe si adui wa kila mtu. Mtoto mdogo anayahitaji kidogo katika uji, na sisi wa Dodoma tunalima alizeti. Lakini mtu mzima anayekaanga kila kitu, asubuhi maandazi, mchana viazi, jioni mboga inayoogelea, huyo anajitafutia unene na shinikizo la damu. Siku hizi magonjwa hayo nayaona hapa zahanati, si mjini tu.

Ninalotaka kulikazia zaidi ni chumvi.

Siku hizi hakuna mchuzi unaopikwa katika televisheni bila kiungo cha dukani, kile cha unga wa pakiti au kile cha kidonge kidogo. Mara nyingi wenye viwanda vya viungo ndio wanaolipia vipindi, kwa hiyo si ajabu. Akina mama wa hapa wamekipenda. Mboga inanukia nyumba nzima. Sasa fanya jambo moja, ndugu msomaji, kwa kuwa wewe umejifunza kusoma. Chukua pakiti ile. Igeuze. Nyuma pana maandishi madogo yanayotaja vitu vilivyomo. Sheria ya maandishi hayo ni kwamba kitu kilicho kingi zaidi kinaandikwa kwanza. Soma neno la kwanza. Mara nyingi utakuta ni chumvi. Kama wameandika Kiingereza, tafuta herufi nne: s, a, l, t. Maana yake ni hiyo hiyo chumvi.

Mtu mzima asile chumvi zaidi ya gramu 5 kwa siku, ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani. Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Hiyo ni jumla ya chumvi yote ya siku nzima, ya mboga, ya mkate, ya dagaa, ya kila kitu. Hapa kijijini yuko mzee mmoja ninayempima shinikizo la damu kila mwezi. Dawa alikuwa anakunywa. Lakini shinikizo halikushuka. Nikamwuliza mkewe juu ya mapishi. Bibi huyo alitia chumvi kwenye mboga kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha alitia kidonge cha mchuzi kama alivyofundishwa na televisheni. Kisha mzee aliongeza chumvi mbichi mezani kwa sababu ulimi wake ulikwisha kuzoea. Chumvi mara tatu katika sahani moja! Nilimshauri achague moja. Alichagua chumvi ya kawaida yenye madini joto, kidogo, wakati wa kupika. Kidonge akaacha. Mwezi wa kwanza mzee alilalamika kwamba mboga ni chapwa. Mwezi wa tatu alinyamaza. Shinikizo limeanza kushuka, na dawa bado anakunywa. Dawa asiache.

Tazama pia mikono ya mpishi. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Kansas State, huko Marekani, walitazama vipindi 100 vya wapishi maarufu. Katika vingi mpishi alishika nyama mbichi, kisha hakuonekana akinawa mikono. Labda alinawa kamera ikiwa imezimwa. Lakini msichana anayejifunza kwa macho hatajua hilo. Atafanya kile alichokiona. Na kule kwao kuna maji ya bomba na barafu. Huku kwetu damu ya kuku ikibaki kwenye ubao wa kukatia, kisha ukakata nyanya za kachumbari juu yake, kesho mnakuja zahanati nyumba nzima mkishika matumbo.

Liko jambo jingine ambalo sijapata kulisikia katika kipindi cha mapishi, nalo kwetu linaua. Mpishi anachukua karanga, anazimimina kwenye kikaango. Hasemi zilikauka wapi. Karanga na mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa hii hii ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kabla ya kupika, karanga ni za kuchambuliwa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usimpe kuku. Usimsagie mtoto. Mpishi wa mjini halijui hilo, wala simlaumu. Hakuja hapa.

Hata hivyo nisije nikaonekana nasifu kila kitu cha jiko letu. Sisi nasi tuna makosa, na mengine ni ya siku nyingi kuliko televisheni. Tunakata mchicha kwanza, ndipo tunauosha, na vitamini vinaondoka na maji. Tunachemsha majani mpaka yageuke meusi, kisha tunamwaga mchuzi wake. Tunatia magadi kwenye mlenda ili ulainike upesi. Magadi yanaharibu vitamini, na yenyewe ni aina ya chumvi. Baba anawekewa nyama yote, watoto wanapewa mchuzi. Haya hakuyaleta mpishi wa televisheni. Tena katika moja la haya yeye yuko mbele yetu: mboga zake hazikai sana motoni. Anaziosha nzima, anazikata, anazigeuza mara chache, anaepua zikiwa bado za kijani. Hilo igeni bila hofu.

Na la pili jema ni kwamba mpishi yule ni mwanamume. Usicheke. Vijana wa hapa walikuwa wakiniona napika wananidhihaki. Walisema daktari ameolewa na sufuria. Tangu walipoona mwanamume amevaa nguo nyeupe, anapika, na watu wa mjini wanampigia makofi, dhihaka imepungua. Mwezi uliopita kijana mmoja alimpikia mkewe uji alipojifungua. Zamani angengoja dada yake atoke kijiji cha pili.

Basi tufanye nini? Tuzime televisheni? Mimi sishauri hivyo, na hata nikishauri nani atanisikia. Shauri langu nimelipata kwa bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa msichana wa miaka 20 mwaka 1975. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Miaka miwili nyuma, mwaka 1973, kulikuwa na nyingine iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walijiunga nayo katika vikundi nchi nzima. Watu hawakusikiliza redio kila mtu peke yake akipepeta mahindi. Walikaa kikundi, pamoja na kiongozi wa kikundi. Walisikiliza kipindi. Kisha redio ilizimwa. Wakasoma kijitabu, na anayejua kusoma aliwasomea wengine. Kisha wakaulizana: haya yaliyosemwa, hapa kwetu yakoje? Tutafanya nini wiki hii? Baada ya Mtu ni Afya watu walichimba vyoo.

Bibi anasema katika kikundi chao cha Chakula ni Uhai waligombana juu ya yai. Wazee walisema mtoto akila yai atakuwa mwizi, na mama mjamzito akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Walibishana jioni mbili. Jioni ya tatu mama mmoja akasema, "Mimi wangu anakula tangu mwaka jana, na hajaiba." Wakacheka, na ubishi ukaishia hapo. Bibi alimlisha baba yangu mayai. Mimi nimefika hapa kwa sababu ya ubishi ule, naweza kusema.

Unaona tofauti? Redio ile ilisema, kisha ikanyamaza ili watu waongee. Televisheni hainyamazi. Kipindi cha mapishi kikiisha linakuja tangazo la kiungo, kisha la sabuni, kisha tamthilia. Hakuna nafasi ya mtu kuuliza. Na mpishi mwenyewe hawezi kukuuliza una watoto wangapi, shamba lako limetoa nini, mzee wako ana ugonjwa gani. Hamjui mtoto wako. Wewe unamjua.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye duka. Nikamwomba azime sauti kwa robo saa kila Jumamosi baada ya kipindi. Mwanzoni alikataa. Alisema watu wataondoka bila kununua. Nikamwambia watu wakikaa robo saa zaidi watanunua zaidi. Hapo akakubali. Kwa kweli mimi si mfanyabiashara, lakini mpaka sasa hajalalamika.

Mara ya kwanza tulikuwa watu saba. Mpishi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga na saladi. Sauti ilipozimwa, mama yule asiyeogopa mtu akauliza, "Nazi tunapata wapi?" Kimya. Msichana mmoja wa darasa la saba akasema, "Karanga zikipondwa zinatoa tui." Mwingine akasema samaki hatuna, ila dagaa wa kukauka wako dukani, na wana mifupa ambayo inaliwa. Tukahesabu chumvi pamoja. Dagaa tayari wana chumvi, kwa hiyo mchuzi usitiwe nyingine. Saladi ikaleta ubishi, maana kiangazi hakuna majani mabichi, ila tuna mlenda uliokaushwa na majani ya kunde. Mtu akasema mlenda si saladi. Akajibiwa kwamba tumbo halijui jina.

Yule mama wa tambi alikuja wiki ya tatu. Alikaa nyuma. Siku hiyo mpishi alipika tena tambi! Wote tuliona aibu kwa niaba yake. Sauti ilipozimwa hakuna aliyetaka kuanza. Akaanza yeye. Alisema, "Mimi tambi nimezinunua miezi mitatu. Ukitaka kuzipika, pika. Lakini kwanza mpe mtoto yai, ndipo umpe tambi. Na mayai ukiuza yote umekwisha." Kisha akauliza kama tambi zinaweza kuchanganywa na maharage. Nikasema zinaweza, na ni vizuri. Wiki ile nyumba tatu zilijaribu. Moja walisema hazifai. Mbili wanaendelea.

Kama kijijini kwako kuna televisheni, ya dukani au ya mtu binafsi, jaribuni hivyo. Watu watano wanatosha. Zimeni sauti. Mwenye kujua kuandika aandike katika daftari chakula kilichoonyeshwa, na pembeni aandike kile mlicho nacho ninyi. Mwulizane nani nyumbani atakila, maana cha mtoto si cha mzee mwenye shinikizo. Mhesabu chumvi imeingia mara ngapi. Na kama kuna mganga au mhudumu wa afya karibu, mwiteni, ila mwambieni asijibu upesi kama nilivyojibu mimi.

Daftari letu sasa lina kurasa kumi na moja. Linatunzwa na msichana yule wa darasa la saba, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Jumamosi ijayo tangazo limesema mpishi ataoka keki. Hatuna oveni. Bibi mmoja amesema atatuonyesha mkate wa mtama uliofukiwa kwenye majivu, na ameagiza kila mtu aje na kuni moja.